Kupamba Kuta za Nyumba ya Kupanga Bila Kupoteza Dhamana

Nyumba yenye kuta nyeupe tupu hukaa kama ofisi. Unataka picha ya wazazi ionekane sebuleni, kalenda iwe jikoni, na michoro ya watoto isiishie kwenye mkoba wa shule. Yote hayo yanawezekana. Ila hapa Marekani ukuta ulioharibika hulipiwa, na malipo hukatwa kwenye pesa za dhamana zilizowekwa kabla ya kupewa funguo. Waliotoka Kongo wanazijua kwa jina la garanti. Mara nyingi dhamana hufikia pango la mwezi mzima, na ndizo pesa utakazozitegemea siku ya kuhamia nyumba nyingine.

Kwanza uujue ukuta wenyewe. Tulikotoka ukuta ni tofali, bloku au udongo, na msumari ukishashika umeshika. Kuta za ndani za nyumba nyingi za hapa ni bapa za jipsamu zilizofunikwa karatasi, kisha zikapakwa rangi. Nyuma yake kuna nguzo za mbao, kwa kawaida kila baada ya inchi 16, yaani sentimita 40 hivi. Katikati ya nguzo ni uwazi unaopitisha nyaya za umeme na mabomba. Gonga kwa kidole: panapolia kama debe tupu hapana mbao. Msumari ukiupiga hapo na kuutundikia kioo kizito, utachomoka na kipande cha ukuta. Na usipige msumari juu au chini ya swichi na soketi, kwa sababu huko ndiko nyaya hupita.

Wengi wakishaambiwa wasitoboe ukuta hukimbilia selotepu, gundi kali au ile tepu nene ya povu yenye kunata pande mbili. Hapo ndipo hasara kubwa inapotokea. Ukiibandua, inaondoka na rangi pamoja na karatasi ya jipsamu. Tundu la pini huzibwa kwa dakika chache, lakini karatasi iliyochanika hudai kuzibwa, kulainishwa na kupakwa rangi, na kwa kuwa rangi mpya haifanani na ya zamani, huenda ukuta mzima ukapakwa upya. Kwa maoni yetu pini ndogo ni afadhali kuliko tepu, mradi mkataba uiruhusu.

Kwa hiyo soma mkataba wako, au mwombe mhudumu wako akusomee sehemu ya kuta, misumari na rangi. Ukitaka kufanya kitu kisichotajwa humo, mwandikie mwenye nyumba ujumbe wa simu au barua pepe, nawe uutunze. Maneno mawili yanatosha: “Naomba kutundika picha tatu kwa misumari midogo sebuleni. Unaruhusu?” Ruhusa ya mdomo haina ushahidi, na msimamizi aliyekubali leo huenda mwakani asiwepo.

Madukani kuna vibandiko vya kutundikia vilivyotengenezwa kwa ajili ya wapangaji. Vinavyojulikana zaidi ni vya Command. Vinafanya kazi vizuri ukivitumia kwa utaratibu, na wengi wanaovilaumu waliruka hatua. Pangusa ukuta kwa spiriti ya kusafishia vidonda, si kwa sabuni, na uache ukauke. Bandika, kandamiza kwa sekunde 30, kisha subiri saa nzima kabla ya kutundika kitu. Angalia uzito ulioandikwa kwenye pakiti, ukikumbuka kwamba hapa hupimwa kwa pauni, na kilo moja ni pauni 2.2. Wakati wa kuondoa, usivute kuelekea kwako. Shika kile kiulimi cha chini ukivute polepole kwenda chini, kikiambaa na ukuta, mpaka kibandiko kirefuke na kuachia. Usivitumie kwenye ukuta wa karatasi za mapambo, wala kwenye rangi ambayo haijamaliza siku 7. Picha ya pekee ya marehemu, ambayo haina nakala, usiitundike kwa kibandiko. Iweke kwenye fremu ya kusimama juu ya kabati.

Kitenge au kanga ni pambo zuri na jepesi kuliko fremu yoyote. Tafuta fimbo ya pazia yenye springi ndani, ile inayojibana yenyewe kati ya kuta mbili bila skrubu. Usikiweke kitambaa karibu na hita ya umeme, wala usitundike chochote kwenye vile vichwa vidogo vya kunyunyizia maji ya kuzimia moto. Kikivunjika kimoja, nyumba itajaa maji. Michoro ya watoto inatosha kwenye mlango wa friji kwa sumaku.

Jambo moja lisiingizwe kwenye hofu ya matundu. Kabati refu au meza ya droo inaweza kumwangukia mtoto anayeipanda, na hufungwa ukutani kwa skrubu kwenye nguzo ya mbao. Omba ruhusa ya hilo mapema. Matundu mawili yanazibika.

Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huenda ina rangi yenye madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Usikwangue wala kusugua kwa msasa ukuta wa nyumba kama hiyo. Mwite mwenye nyumba.

Piga picha za kila ukuta siku ya kuingia na siku ya kutoka. Rangi iliyofifia kwa jua huhesabiwa kuwa uchakavu wa kawaida, na kwa kawaida haikatwi. Unapohama, acha anwani yako mpya kwa maandishi. Texas mwenye nyumba ana siku 30 za kurudisha dhamana au kueleza alichokata, California siku 21, na majimbo mengine yana siku zake. Ukipokea orodha ya makato usiyoielewa, ilete ofisini pamoja na picha zako kabla hujajibu.