Sukari Ile Si ya Utamu

"Sista, mwanangu anaharisha maji matupu, nawe unanipa maji nimwongezee?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa ameketi kwenye benchi la zahanati, mtoto kalegea mapajani, macho yamedidimia. Nilikuwa nesi mpya. Nikamjibu kwa mkato tu kwamba pakiti ile ya ORS, yaani chumvi na sukari ya glukosi ya kukoroga kwenye maji, ni dawa. Leo ningemweleza hivi.

Utumbo umetandikwa seli, na kila seli imefunikwa utando mwembamba wa mafuta. Oksijeni hupenya humo bila hodi. Chumvi haipiti: chembe za sodiamu zina chaji ya umeme, na mafuta huzikataa. Glukosi nayo ni kubwa, tena hupatana na maji kuliko mafuta. Hivyo utando una milango ya protini, kila mmoja na wageni wake. Upo mmoja, wenyewe mkaidi kwelikweli, usiopitisha glukosi mpaka ije na sodiamu: chembe mbili za sodiamu kwa moja ya glukosi. Mwanasayansi Robert Crane alilieleza wazo la kuingia kwao pamoja huko Prague mwaka 1960. Zikishaingia hizo, maji huzifuata.

Sumu ya kipindupindu hufungulia mlango mwingine, wa kloridi, na maji ya mwili yakamwagika utumboni. Lakini ule wa glukosi na sodiamu hauguswi. Mtoto anaharisha, na bado maji yanaweza kurudi ndani.

Kipimo ndicho kinachobeba kazi yote. Tangu 2002, fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi, pamoja na potasiamu na sitreti. Mimi sikulisema hilo siku ile. Yule mama, akitaka mtoto anywe vizuri, akaongeza vijiko vitatu vya sukari. Jioni alirudi, mtoto hoi kuliko asubuhi. Sukari ikizidi hubaki utumboni na kuyavuta maji kutoka mwilini. Soda hufanya vivyo hivyo. Tulimtundikia dripu, akapona, nami sikulala.

Basi soma pakiti yako inataka maji kiasi gani, maana nyingine ni za nusu lita. Tumia maji safi, na usiongeze kitu. Yatakayobaki baada ya saa 24, mwaga, koroga mengine.