Benjamin Franklin, mpiga chapa

Benjamin Franklin alizaliwa mwaka 1706 mjini Boston, Marekani, nchi iliyotawaliwa bado na Uingereza. Baba yake alitengeneza mishumaa na sabuni, tena alikuwa na watoto 17. Benjamin alisoma shule miaka miwili tu. Alipopata miaka 12 akatiwa kazini kwa ndugu yake mkubwa, mpiga chapa. Mchana alipanga herufi za madini moja moja, kazi ya kuchosha macho. Usiku alisoma vitabu vya kuazima. Ndugu yake alimpiga mara nyingi. Mwaka 1723 akatoroka, akaenda Philadelphia, na huko akapata mali na gazeti lake mwenyewe.

Mwaka 1776 Franklin na wenzake walitia sahihi Tangazo la Uhuru. Kisha akatumwa Ufaransa kuomba msaada wa vita. Mfalme akawapa askari, merikebu na fedha.

Lakini angalieni, watoto. Tangazo lile lilisema watu wote ni sawa. Naye Franklin kwa miaka mingi alikuwa na watumwa, watu wa asili ya Afrika, na gazeti lake lilitangaza watumwa wa kuuzwa! Katika uzee moyo wake uligeuka. Mwezi wa Februari 1790, akiwa na miaka 84, alitia sahihi barua ya kuliomba Baraza la nchi liukomeshe utumwa. Wakubwa wakabishana sana, mwisho wakajibu kwamba hawana ruhusa ya kuwafungua watumwa. Franklin akafa tarehe 17 Aprili mwaka ule ule. Watumwa wakangoja hata mwaka 1865.