Waipa za gari zisipolala mahali pake

Mvua za masika zikianza, gari lisilo na waipa nzuri ni hatari kwa kila mtu. Wengi wetu hatuna magari, lakini tunayapanda. Tunapanda pikapu za kwenda mnadani, basi la kwenda wilayani, na gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Waipa ikisimama katikati ya kioo inamziba dereva macho. Haoni vizuri shimo la barabarani, wala mtoto anayevuka.

Mara nyingi dereva huambiwa hivi: "Mzee, mota imekufa hiyo. Lete hela tununue nyingine." Basi anauza mbuzi, ananunua mota, na waipa bado hailali. Kumbe ni nati tu iliyolegea! Sisi tunasema: usinunue mota kabla hujatazama waipa inasimama wapi. Mahali inaposimama panaonyesha ugonjwa uko wapi.

Kwanza tujue waipa inavyofanya kazi. Chini ya kioo cha mbele kuna mota ndogo inayotumia umeme wa betri. Katika magari mengi mota hiyo inazunguka upande mmoja tu. Fito za chuma ndizo zinazogeuza mzunguko huo uwe mwendo wa kwenda na kurudi. Mnaijua cherehani ya miguu. Pale mguu unakwenda juu na chini, na gurudumu linazunguka. Kwenye waipa ni kinyume chake: mota inazunguka, na mikono inakwenda na kurudi.

Sasa, mota inajuaje mahali pa kusimama? Ndani yake mna gurudumu la meno. Katika mota nyingi, juu ya gurudumu hilo kuna kisahani cha shaba chenye pengo. Vidole vidogo vya shaba vinakigusa kisahani hicho. Ukizima waipa, swichi ya kwenye usukani inakata njia ya kwanza ya umeme. Lakini iko njia ya pili, inayopitia kwenye kisahani. Umeme unaendelea kupita huko mpaka pengo lifike kwenye kidole. Hapo umeme unakatika, na mota inasimama. Pengo limewekwa ili lifike wakati mikono imelala chini ya kioo.

Zamani hapakuwa na mambo hayo. Mwaka 1903 mama mmoja wa Marekani, Mary Anderson, alipewa hati ya ubunifu kwa ajili ya waipa yake. Ilikuwa inaendeshwa kwa mpini kutoka ndani ya gari. Mota ilikuwa ni mkono wa mtu!

Turudi kwenye magari yetu. Kuna jambo moja linalodhaniwa kuwa ni ugonjwa, nalo si ugonjwa. Dereva anazima gari kwa ufunguo huku waipa zikifanya kazi. Umeme wote unakatika, na waipa zinabaki katikati ya kioo. Akiwasha tena, zinaendelea. Dereva huyo azime waipa kwanza, azisubiri zilale, ndipo azime gari.

Tuseme sasa waipa zinasimama kila mara mahali palepale, lakini si mahali pake. Labda zinasimama juu mno, au zinashuka mpaka zinagonga ukingo wa kioo. Hapa mota inafanya kazi yake. Tazama mikono. Kama ni mkono mmoja tu uliopotoka, nati yake imelegea, au ulifungwa vibaya. Kama ni yote miwili kwa kiasi kilekile, huenda mtu alifungua kile kipande cha chuma kinachotoka kwenye mota, akakirudisha vibaya. Ndiyo maana fundi mwangalifu huweka alama kwa msumari kabla ya kufungua.

Kuurekebisha mkono si kazi kubwa. Washa waipa, kisha zizime kwa swichi yake ili mota ifike mahali pake pa kusimama. Halafu toa ufunguo. Usisahau hilo, kwa sababu fito zile zikianza kwenda huku vidole viko ndani, zinaweza kukuumiza vibaya. Tandika nguo nene juu ya kioo, maana mkono una springi kali. Ukikuponyoka unaweza kupasua kioo, na kioo ni ghali kuliko nati! Fungua nati kwa spana inayoenea. Tikisa mkono taratibu mpaka utoke. Utaona meno madogo kwenye chuma na kwenye tundu la mkono. Yasugue kwa brashi ya waya. Kama meno ya mkono yamelika, hata ukikaza namna gani utateleza tena. Hapo nunua mkono, usinunue mota. Kama meno ni mazima, rudisha mkono ukiwa umelala chini ya kioo, kisha kaza nati.

Ugonjwa wa pili ni waipa kusimama popote unapozizima. Ukizima zikiwa juu, zinabaki juu. Maana yake ile njia ya pili ya umeme haifanyi kazi. Chukua taa ya kupimia. Washa ufunguo, lakini acha waipa zimezimwa. Pima nyaya zinazoingia kwenye mota. Katika magari mengi, waya mmoja unapaswa kuwa na umeme hata sasa. Ukiwa hauna, fuata waya huo mpaka kwenye fyuzi, ukitazama palipokatika au palipoota kutu. Usitegemee rangi za nyaya za gari jingine, kwani hazifanani. Umeme ukiwepo, shaka iko kwenye vile vidole vya shaba, au kwenye swichi ya usukani. Vidole vikichafuka kwa grisi ya zamani, fundi anaweza kufungua mfuniko wa mota, akavisafisha kwa msasa mwembamba na kitambaa, akaweka grisi mpya kwenye meno ya gurudumu.

Wengine wanalalamika kinyume chake. Wamezima swichi, lakini waipa hazisimami, au zinafika chini kisha zinapanda tena. Mota nyingi zina breki ya umeme. Pengo likifika, mota inaunganishwa na waya wa ethi, ikakamatwa papo hapo. Ethi ikiwa mbovu, mota inapitiliza pengo na kuanza upya. Fungua boliti ya ethi, sugua kutu na rangi, ukaze tena. Zikiwa bado hazisimami, swichi au vidole vya shaba vimeungana pasipotakiwa. Usiziache zikizunguka kwenye kioo kikavu. Kama hakuna mvua, toa fyuzi ya waipa mpaka fundi apatikane.

Jambo jingine ni majani. Gari linalolala chini ya mwembe hujaza majani pale chini ya kioo. Yanaziba matundu ya kutolea maji. Maji yanatuama, yanaingia kwenye mota na plagi yake, na ekseli za mikono zinashika kutu. Waipa zinakwenda kwa kuchechemea, na mota inapata moto. Zoa majani hayo kwa mkono. Kama mikono imekuwa mizito hata baada ya kuiachanisha na mota, tia mafuta kwenye ekseli zake.

Magari mengi mapya yana kompyuta inayoamua waipa isimame wapi. Hayo mpelekee fundi mwenye chombo cha kuyapima.

Ukimaliza kazi, mwagia kioo maji, kisha washa na kuzima waipa mara tatu au nne, kila mara mahali tofauti. Zikirudi zote chini na kulala, kaza nati kwa mara ya mwisho na urudishe vifuniko vyake.