Aliyeacha Kanisa Asikilizwe Vipi?

Huku Pito, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa, mtu akiacha kanisa alilobatizwa, habari zake huenea kwa njia mbili. Waliobaki husema amekosana na paroko, au alizuiwa sakramenti kwa sababu ya ndoa, au ametamani miujiza. Yeye mwenyewe, akisimama kutoa ushuhuda huko alikohamia, husema alikuwa gizani na sasa ameokoka. Mtu ni yuleyule, na kila upande una hakika na simulizi yake. Katikati hubaki wazazi, ndugu na wasimamizi wa ubatizo, ambao hawajui wamwamini nani.

Si jambo dogo katika nchi hii. Mapadre wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko Ukatoliki ukapanda hadi uwandani. Jimbo la Karema lilipata hadhi kamili mwaka 1953, na mwaka 1969 likawa Jimbo la Sumbawanga. Kwa familia nyingi za Wafipa, ubatizo, shule, harusi na mazishi vimepita mikononi mwa kanisa hilo kwa vizazi vitatu au vinne. Anayeondoka anaacha imani, na papo hapo anaacha jumuiya ambayo ingekesha na wafiwa wake na kumsindikiza kaburini. Ndiyo maana maneno yake huzua hasira, na waliobaki huwa na haraka ya kuyafuta.

Wanasosholojia wa dini wamebishana juu ya ushuhuda wa namna hii kwa miaka mingi. Miongoni mwa mifano iliyoandikiwa sana ni ya Wamormoni wa Marekani walioacha kanisa lao. Mifano hiyo iko mbali nasi, na umbali huo unatufaa, kwa kuwa ni rahisi kupima ugomvi ambao ndugu zetu hawamo.

Kanisa la Wamormoni, ambalo jina lake rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830. Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa gerezani huko Carthage, Illinois, mwaka 1844. Miaka mitatu baadaye Brigham Young aliwafikisha waumini wengi kwenye bonde la Salt Lake. Leo kanisa hilo lipo pia Afrika Mashariki: Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000, na hekalu lake la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025.

Masimulizi ya walioliacha yana umri karibu sawa na wa kanisa lenyewe. Mwaka 1831 Ezra Booth, mhubiri wa Kimethodisti aliyejiunga na kujitoa ndani ya miezi michache, aliandika barua tisa katika gazeti la Ohio kueleza aliyoyaona. Mwaka 1842 alifuata John C. Bennett, aliyekuwa meya wa Nauvoo, mji wa Wamormoni, na mtu wa karibu wa Smith. Baada ya kutengwa na kanisa kwa kashfa ya wanawake, alichapisha kitabu kizima cha kumshutumu kiongozi wake wa jana. Mwaka 1875 Ann Eliza Young, mmoja wa wake wengi wa Brigham Young, alitoa kitabu juu ya maisha ya ndoa za mitala, baada ya kumshitaki mumewe akidai talaka.

Mfano wa Bennett unahitaji kutazamwa kwa utulivu. Alikuwa na sababu zote za kulipiza kisasi, na kitabu chake kimejaa chumvi, kiasi kwamba wanahistoria hawakitumii bila kukilinganisha na nyaraka nyingine. Hata hivyo alisema jambo moja zito: kwamba Smith alikuwa akioa wake wengi kwa siri. Waumini wengi walikulia katika mafundisho yaliyomwonyesha mwanzilishi wao akiwa na mke mmoja, Emma. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilichapisha makala rasmi iliyokiri kwamba Smith alifunga ndoa za mitala, kwamba makadirio ya uangalifu yanataja wake kati ya 30 na 40, na kwamba mmoja wao alikuwa bado hajatimiza miaka 15. Shahidi mwenye chuki na mwenye chumvi alikuwa amesema kweli katika jambo hilo la msingi. Aliyemkataa kwa sababu ya tabia yake aliukosa ukweli huo. Aliyemwamini kwa sababu ya ukweli huo akameza na uongo wake.

Wataalamu nao wamegawanyika. Bryan Wilson wa Oxford, aliyewahi kuandika pia juu ya Mashahidi wa Yehova nchini Kenya, alishikilia kwamba mtafiti na mahakama hawawezi kumtegemea aliyeasi dini yake kama chanzo cha ushahidi. Kwa maoni yake, mtu huyo anahitaji kujitetea: aeleze kwa nini aliamini jana kitu anachokilaani leo. Njia rahisi ni kusema alidanganywa, akatekwa akili, kisha akaokolewa. Simulizi yake hujengwa upya ili impe heshima mbele ya wasikilizaji wapya.

Wilson alikuwa na ushahidi wa kuegemea, na msomaji Mkatoliki ataupokea bila shida. Mwaka 1836, kilitoka kitabu cha mwanamke aliyeitwa Maria Monk, aliyedai kuwa sista aliyetoroka konventi moja ya Montreal, na humo akasimulia uzinzi na mauaji ya watoto wachanga. Kilinunuliwa kwa wingi mno, maana chuki dhidi ya Wakatoliki ilikuwa kali Marekani wakati huo. William Leete Stone, mhariri wa gazeti wa New York ambaye mwenyewe alikuwa Mprotestanti, alikwenda Montreal, akakagua jengo, akakuta halifanani na maelezo ya kitabu. Maria Monk hakuwahi kuwa sista katika nyumba ile. Alikuwa ameuza simulizi ambayo wasikilizaji wake walitaka kuisikia.

Upande wa pili wako wanaosema Wilson amekwenda mbali mno. Benjamin Zablocki, aliyechunguza jumuiya za kidini za Marekani, alilinganisha maelezo ya waliobaki na ya walioondoka na hakuona kwamba kundi moja linaaminika zaidi ya jingine. Benjamin Beit-Hallahmi wa Chuo Kikuu cha Haifa alikuwa mkali zaidi. Alikumbusha kwamba katika maafa makubwa ya vikundi vya kidini, wapinzani na waliojitoa ndio waliokuwa wameusogelea ukweli kuliko watafiti wapole. Deborah Layton alitoroka Jonestown, makazi ya kundi moja la kidini huko Guyana, Mei 1978, na mwezi uliofuata akaapa kwa maandishi kwamba watu kule wanafanyishwa mazoezi ya kujiua kwa pamoja. Tarehe 18 Novemba mwaka huohuo watu zaidi ya 900 walikufa huko.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Guyana. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie, na miili iliyopatikana ilizidi 400. Mackenzie alikuwa ameshakamatwa na kuachiwa zaidi ya mara moja kabla ya hapo. Jamaa za waumini na watu waliojitoa walikuwa wameshaonya, na baadaye kamati ya Seneti ililaumu vyombo vya dola kwa kutochukua hatua mapema. Kanuni ya kutomsikiliza aliyeasi, ikigeuzwa kuwa sheria, inaweza kuua watu.

Kwa hiyo Maria Monk anatuonya tusimwamini kila mtu, na Shakahola inatuonya tusimpuuze yeyote. Kabla ya kufikia hukumu, kuna mambo mawili ambayo utafiti umeyaweka wazi na ambayo mabishano yetu ya mitaani huyaruka.

La kwanza: wanaosema ni wachache kati ya wanaoondoka. David Bromley, mwanasosholojia wa Marekani, aliwagawa walioondoka katika makundi. Wako wanaoondoka kwa makubaliano, wako wanaofichua maovu wakitumaini yarekebishwe, na wako wanaogeuka wapiganaji dhidi ya kundi lao la zamani. Mtafiti Massimo Introvigne alipowauliza watu waliowahi kuwa katika chama cha New Acropolis nchini Ufaransa, alikuta wapiganaji ni sehemu ndogo. Wengi walikuwa wameondoka kimyakimya, wakiwa na mema na mabaya ya kukumbuka. Hata kwa Wamormoni, Jana Riess, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2019 ambao uliwahoji pia mamia ya waliojitoa, alikuta sababu zilizochanganyika. Wengine waliona maadili yao hayapatani tena na ya kanisa, wengine waliacha kuamini kwamba kanisa la kweli ni moja tu, wengine walihisi wanahukumiwa, wengine hawakuwaamini tena viongozi. Dieter Uchtdorf, aliyekuwa katika uongozi wa juu wa kanisa hilo, aliwaambia waumini mwaka 2013 kwamba si haki kudhani kila aliyeondoka alikwazwa, alikuwa mvivu au alitenda dhambi. Kauli hiyo ingefaa irudiwe katika mikutano ya jumuiya zetu ndogondogo.

La pili: simulizi ya anayeingia nayo ina umbo. Walokole, ambao uamsho wao ulianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, waliufanya ushuhuda kuwa na mpangilio unaojulikana: nilivyokuwa, siku niliyokutana na Yesu, nilivyo sasa. James Beckford, aliyewachunguza Mashahidi wa Yehova wa Uingereza, alionyesha mwaka 1978 kwamba hata namna ya kueleza kuongoka hufundishwa na kundi. Muumini hujifunza maneno, hatua na sababu zinazokubalika. Ikiwa umbo linatosha kuutia shaka ushuhuda wa anayetoka, basi wa anayeingia nao utiwe shaka hiyohiyo.

Ushahidi upo hapahapa kwetu. Adrian Atiman alitekwa utotoni karibu na mto Niger, akakombolewa utumwani na White Fathers, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Simulizi ya maisha yake ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni simulizi ya mtu aliyelelewa na misheni na anayeishukuru misheni. Je, tuikatae kwa sababu hiyo? Hapana. Tunakubali safari zake, miaka yake na kazi yake, huku tukijua kwamba mtu mwenye shukrani huchagua la kusema na la kunyamazia. Mwenye uchungu naye huchagua. Haki inadai mizani ileile.

Mizani hiyo nitaieleza kwa mfano wa kubuni. Mtu anasema: "Walikataa kumzika baba yangu, kwa sababu hatukuwa tumelipa zaka. Kanisa lile ni biashara." Maneno hayo yana mambo matatu. Kuna tukio: mazishi yalikataliwa au hayakukataliwa. Hilo linachunguzika, kwa sababu katekista yupo, mwenyekiti wa jumuiya yupo, waombolezaji wapo. Kuna sababu: zaka, au kutohudhuria jumuiya, au ndoa isiyofungwa kanisani. Hapo lazima upande wa pili usikilizwe, kwa kuwa sababu hukaa moyoni mwa mtendaji, na aliyeumizwa huikisia. Mwisho kuna hukumu, kwamba kanisa ni biashara. Hiyo ni haki yake kuifikia, nasi tuna haki ya kutokubaliana naye. Ila hukumu kali haifanyi tukio kuwa la uongo, na tukio la kweli halifanyi hukumu kuwa sahihi.

Vurugu nyingi hutokana na kuyachanganya matatu hayo. Waliobaki husikia hukumu, wanakasirika, wanakataa hata tukio. Waliompokea husikia tukio, wanamhurumia, wanaipokea hukumu nzima bila swali. Ezra Booth, Bennett na Ann Eliza Young walitendewa hivyo na wasomaji wao kwa zaidi ya karne moja, hadi wanahistoria walipoanza kupekua kila dai peke yake na kulilinganisha na barua, daftari na kumbukumbu za wengine.

Nayasema haya nikiwafikiria watu watatu. Kiongozi wa dini anayepata habari kwamba kondoo wake anamsema vibaya kwingine: aanze kwa kuuliza kama tukio lilitokea, na kama lilitokea alirekebishe, hata kama mlalamikaji hatarudi kundini. Mchungaji anayempokea mgeni: asimsukume aongeze giza katika ushuhuda wake ili nuru ya kanisa jipya ing'ae zaidi, kwa sababu mtu akizoea kutia chumvi madhabahuni, siku akiwa na jambo la kweli na la hatari hataaminiwa. Na mzazi ambaye mwanawe ameondoka: amsikilize hadi mwisho bila kumtafutia dhambi iliyomwondoa. Huenda ipo, huenda haipo, lakini kuitafuta kwanza ni njia ya kukwepa kusikia.

Ibara ya 19 ya Katiba yetu, inayotambua uhuru wa kuabudu, inataja wazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Sheria haiwezi kumlazimisha jirani amwamini anayeondoka. Kinachoweza kudaiwa na dhamiri ni kwamba anayeondoka asiitwe mwongo kabla dai lake halijachunguzwa, na asiitwe shujaa kabla ya hapo pia. Jamii inayofanya kazi hiyo ya subira italinda kanisa lisingiziwe, na italinda wadhaifu walio ndani ya kanisa wasiachwe peke yao na mtu mbaya.