Msingoje Tangi, Mvua Haingoji



Kila nikitembelea vikundi huku Ukambani, swali ni lilelile: "Tangi litakuja lini?" Tangi ni kitu kizuri, sikatai. Lakini mkingoja, mvua ya Oktoba hadi Desemba inateremka kwenye mabati yenu, inachimba mtaro nyuma ya jikoni na kwenda zake mtoni. Halafu mwezi wa nane mama anaamka usiku kuyafuata maji mtoni, akifukua mchanga kwa kopo.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Nyumba ya mabati yenye mita 8 kwa 5 ni mita mraba 40. Basi mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 800. Tuseme mengine yanaruka nje na kupotea. Bado utabaki na kama lita 600, yaani mitungi 30 ya lita 20. Punda anayebeba mitungi 4 angeenda mtoni mara 8!

Gata si lazima itoke dukani. Chukua bati kuukuu, ulikate vipande virefu, ukikunje kila kimoja kama herufi V, ukining'inize kwa waya chini ya ukingo wa paa, kikiinama kidogo kuelekea pipa. Fanyeni kwa mwethya kama mnavyolimiana: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iacheni imwagike, maana inaosha vumbi na mavi ya ndege. Pipa lifunikwe vizuri. Mimi mwenyewe mwaka mmoja niliacha langu wazi nikawa nafuga mbu. Na ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana masafi.

Sasa maji yakishaingia nyumbani, yafanye kazi mara mbili. Ya kuoshea mboga na kusuuza sufuria yaende kwenye sukumawiki ya gunia: udongo na mbolea pembeni, mawe katikati, maji unamwaga juu ya mawe. Wengine huniambia sabuni inaua mimea. Sabuni kidogo haina neno, ila msimwage mahali pamoja kila siku. Maji ya kufua mwagieni shina la mgomba au mpapai, si majani ya mboga. Yenye jiki, au yaliyofuliwa nepi za mtoto, hayo ni ya kusugulia choo tu.

Kibuyu chirizi pale chooni mnakijua tayari. Kopo zima la maji linanawisha watu kadhaa.

Kabla ya Oktoba, pimeni paa za wanachama wote, mwandike lita zake kwa kitabu cha kikundi, karibu na michango. Gata ya kwanza iwekwe kwa yule mzee asiye na punda.