Saa ya Dar, jua la Rusumo: Dereva aliyefuturu mapema anadaiwa nini?

LORI lililobeba mzigo wa Kigali liliondoka bandari ya Dar es Salaam siku mbili zilizopita. Dereva amefunga. Redio ya simu yake, iliyoshika kituo cha Dar, inaadhini magharibi saa 12:35 jioni. Anabismilahi, anatafuna tende, anateremsha na maji. Anapoinua macho, jua bado linaning'inia juu ya vilima vya Ngara.

Mkasa huu unaweza kumfika yeyote anayesafiri kutoka pwani kwenda bara. Kutoka Dar mpaka mpaka wa Rusumo ni nyuzi nane na nusu kuelekea magharibi, na kila uzi mmoja huchelewesha machweo kwa dakika nne. Jua likizama Dar, Rusumo bado zaidi ya nusu saa. Kampala nayo iko karibu nusu saa nyuma ya Mombasa, ingawa saa za ukutani za miji hiyo miwili zinalingana. Ukivuka daraja la Kagera kuingia Rwanda, hata saa yenyewe inarudi nyuma kwa saa nzima.

Mfungaji hufuata jua la mahali alipo, si la mahali alipotoka. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, aliyefuturu akidhani jua limekuchwa kisha ikambainikia vinginevyo, saumu yake imeharibika. Hana dhambi kama alijitahidi kuhakikisha, lakini atalipa siku moja. Wanazuoni hutaja hadithi ya Asmaa binti Abubakar, aliyesimulia kuwa zama za Mtume (SAW) watu walifuturu siku ya mawingu kisha jua likachomoza. Wako waliosema hapana haja ya kulipa, Ibn Taymiyya akiwa mmoja wao, ila wengi hawakumfuata.

Kosa la alfajiri ni hilo hilo. Anayerudi Dar na ratiba ya daku ya Ngara atakula wakati alfajiri ya pwani imekwisha kuingia. Naye atalipa.

Aliyesahau yuko mbali na hao. Huyo akila mpaka akashiba, kisha akakumbuka, ataacha na kuendelea na saumu yake bila deni. Matapishi yaliyomshinda mtu hayafunguzi. Aliyejitapisha makusudi amefungua. Kuhusu sindano, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah mwaka 1997, liliona kwamba sindano ya dawa haifunguzi. Dripu ya lishe ni jambo jingine.

Je, dereva wetu alilazimika kufunga? Safari yake inazidi sana kilomita 80 na ushei zinazohesabiwa na Mashafi, hivyo ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Tatizo ni hilo "baadaye". Mtu anayeishi barabarani mwaka mzima atalipa lini? Ndiyo maana baadhi ya wanazuoni wa Kishafi walimzuilia ruhusa hiyo msafiri asiyekoma kusafiri, wakichelea saumu isije ikampotea kabisa. Ni kauli nzito, lakini wanaowajua madereva wataielewa.

Deni likivuka Ramadhani inayofuata bila udhuru, kwa Mashafi huongezeka: siku ni ile ile, na juu yake kibaba kimoja cha chakula kwa maskini, ambacho wengi hukadiria baina ya gramu 600 na 750 za mchele. Mama aliyefungua kwa kumhofia mtoto anyonyaye, si nafsi yake, hulipa siku pamoja na kibaba. Mzee asiyeweza tena kufunga hatoi siku. Hutoa vibaba tu.

Kafara ya miezi miwili mfululizo, au kulisha maskini 60 kwa asiyeweza, wengi huitaja kwa kila kosa ili kutishana. Kwa Mashafi inamhusu aliyejamiiana mchana wa Ramadhani kwa makusudi. Aliyekula makusudi ana dhambi kubwa, anatubu na kulipa siku yake.

Dereva wa Ngara hahitaji hata kufika huko. Anadaiwa siku moja, na muda anao mpaka mwisho wa Shaabani, mwezi ambao Bibi Aisha mwenyewe alikuwa akilipa siku zake.