Reale ya Sham Haipimwi kwa Macho

Mwulize muuzaji wa vitu vya kale Mji Mkongwe, Lamu au Muscat kuhusu ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene aliyejitanda ushungi. Atakuonyesha mwaka uliochapwa nyuma yake: 1780. Kisha atakwambia ina zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka huo umo kweli, ila hauthibitishi umri wa sarafu uliyoishika mkononi.

Wazee wa Unguja waliiita reale ya Sham, kuitenga na reale ya mzinga ya Wahispania, ambayo nguzo zake mbili zilionekana machoni pa watu kama mizinga. Mama yule ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki mwaka huohuo wa 1780. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu walikuwa wamekwisha kuizoea sura yake wala hawakutaka nyingine, hivyo iliendelea kugongwa bila kubadili mwaka: Vienna, Milan, Venice, kisha Rome mwaka 1935, Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Uhabeshi, na baadaye London, Paris, Brussels na Bombay. Vienna inaigonga hata leo.

Kwa hiyo mkusanyaji ana maswali mawili, na wengi huyachanganya. Ni ya zamani? Ni halali? Reale iliyogongwa Bombay miaka ya 1940 si ya zamani kama inavyodai, lakini si bandia, maana imetoka kwenye kiwanda cha serikali na ina fedha ileile. Swali la umri linataka vitabu na miaka ya kulinganisha, sarafu kwa sarafu, lulu za mama yule na manyoya ya tai aliye upande wa nyuma, na wabobezi wenyewe hubishana. Swali la uhalali unaweza kulijibu nyumbani jioni moja.

Anza na mizani. Reale halali ina gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha. Zilizobaki ni shaba. Kipenyo chake ni karibu milimita 40, unene karibu milimita 2.5. Pima vyote vitatu. Mghushi anayetumia shaba nyeupe au shaba ya njano hujikuta pabaya, kwa kuwa madini hayo ni mepesi kuliko fedha. Akilinda upana na unene, uzito unapungua. Akiutimiza uzito, sarafu inanenepa.

Hapo muuzaji hodari atakujibu kwamba imelika kwa kupita mikononi mwa watu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mimi mwenyewe niliikubali nikiwa mgeni wa mambo haya, nikanunua reale ya gramu 25 ambayo nywele na lulu zake zilikuwa bado kali. Sarafu iliyopoteza gramu tatu kwa kulika ingekuwa na uso laini kama kokoto ya ufukweni.

Siku hizi naitegemea bilauri ya maji. Iweke juu ya mizani ya sonara inayosoma sehemu za mia za gramu, kisha urudishe mizani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote huku ukiishikilia, isiguse chini wala pembeni, wala isiwe na mapovu yaliyoganda juu yake. Mizani itapanda kidogo. Nambari hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa nambari hiyo. Reale nzima husukuma gramu 2.75 hivi za maji, na jibu lake huwa karibu 10.2. Shaba nyeupe hutoa karibu 8.9, ya njano karibu 8.5.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kulika hakukigusi. Sarafu ikipoteza robo ya mwili wake, robo tatu iliyobaki bado hutoa 10.2. Ile yangu ya gramu 25 ilitoa chini ya 9. Angalizo moja: reale nyingi za kwetu zilitiwa kikonyo zikavaliwa shingoni, na risasi ya kulehemu iliyobaki hupotosha hesabu. Sumaku nayo hukamata madini machache kama chuma. Shaba, risasi na bati hupita salama, kwa hiyo usiridhike nayo.

Kisha geuza ukingo. Reale halali ina maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, pamoja na mapambo. Kazi ya maandishi hayo ilikuwa kuwazuia watu wasiikwangue fedha pembeni. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huonyesha mshono unaozunguka ukingo, na chini ya lenzi utaona vitobo vya hewa katikati ya herufi. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno ili uone vizuri. Ule weusi uliojengeka kwa miaka ni ushahidi, na ukiuondoa haurudi.

Kuna mahali ambapo maji hayatoshi. Sarafu ya rupia 2 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitolewa kwa miaka ya 1893 na 1894 tu. Bei yake inatokana na uadimu, si fedha iliyomo, kwa hiyo mghushi ana faida hata akitumia fedha safi. Atapata gramu 23.32 zake, na bilauri itasema kweli kuhusu madini huku sarafu ikiwa ya uongo. Hapo tafuta picha za rupia nyingine zinazouzwa, uzilinganishe na yako alama kwa alama. Mkwaruzo wa matumizi ni wa sarafu moja peke yake. Ukiukuta huohuo kwenye kofia ya Kaisari wa Ujerumani aliye kwenye rupia hiyo, mahali palepale, katika sarafu mbili za wauzaji wawili, zote mbili zina uwezekano mkubwa wa kuwa zimenakiliwa kutoka sarafu moja, na mkwaruzo wake ukanakiliwa nayo.